Tabaka Lisilobanduka

Karibu na mwisho wa Who Killed Captain Alex?, filamu ya Uganda ya mwaka 2010, helikopta inaning'inia juu ya maghorofa ya Kampala na kuyashambulia. Helikopta hiyo haikuwahi kuruka popote. Imechorwa kwenye kompyuta na kupachikwa juu ya picha ya jiji, na mtazamaji anaijua siri hiyo papo hapo: mwanga unaoiangaza si ule ulio kwenye kuta za maghorofa, kingo zake ni kali kuliko za kitu kingine chochote ndani ya fremu, na milipuko inachanua mbele ya majengo bila kuyagusa. Wengi hucheka na kuendelea kutazama. Mimi naona uhakiki unapaswa kuanzia hapo, kwa sababu katika fremu hiyo moja fani ya kupachika picha imejianika yote. Tunaona vitu viwili vilivyozaliwa mahali tofauti, tunauona mpaka kati yake, na tunasikia kitu cha tatu kinachovishikanisha.

Filamu hiyo ilitengenezwa na Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa kompyuta alizoziunda mwenyewe kutokana na vipuri vikuukuu, na kitambaa cha kijani kilichonunuliwa mjini na kutundikwa ukutani. Hicho kitu cha tatu ni sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayesema juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, kama ilivyo desturi ya vibanda vya video vya Uganda. Anaeleza kinachotokea, anawasifu wapiganaji, anamtania mtazamaji, anatangaza kwamba kipigo kinakuja kabla hakijafika. Helikopta haina uzito, naye anaupa uzito. Mlipuko hauyagusi majengo, naye anaupigia ukelele, na ukelele huo unajaza pengo lililoachwa kati ya moto na ukuta. Katika studio kubwa kazi ya kushikanisha hufanywa kwa mwanga na punje: fundi hulinganisha weusi wa tabaka la mbele na weusi wa tabaka la nyuma, hulainisha kingo, huacha mwanga wa nyuma uvuje kidogo juu ya kitu cha mbele, kisha hunyunyiza punje za filamu juu ya vyote viwili ili vionekane vimepita kwenye lenzi moja. Wakaliga haikuwa na muda wala mashine ya kufanya hayo yote. Ilikuwa na kinywa cha msimulizi, nacho kilifanya kazi ile ile kwa njia ya sikio.

Baadaye Nabwana alifuta faili za asili ili apate nafasi kwenye diski kwa ajili ya filamu iliyofuata. Toleo lisilo na VJ Emmie halipo tena. Lililobaki ni lile la DVD, ambalo ndani yake sauti ya msimulizi imekwisha kubanwa pamoja na mazungumzo, risasi na muziki. Hakuna awezaye kuibandua ili tuione filamu ilivyokuwa kabla yake. Tabaka lililowekwa juu limekuwa mwili wa kazi yenyewe, na yeyote anayeihakiki Captain Alex leo analazimika kumhesabu VJ Emmie miongoni mwa watunzi wake.

Naliona tukio hilo kuwa kiini cha fani nzima. Kuunganisha matabaka kunawezekana wakati wowote. Kuyatenganisha baada ya hapo hakuwezekani, ila kwa aliyeyahifadhi kando. Programu za kupachika picha, kwa zaidi ya miaka 30 sasa, zimekuwa zikishindana na ukweli huo. Na kila filamu yenye matabaka, iwe ya Hollywood au ya Wakaliga, inaamua ni kitu gani kiunganishwe kisirudi tena na kipi kiachwe kisimame peke yake. Uamuzi huo unasomeka kama vile muundo wa shairi unavyosomeka. Nataka kuusoma pia katika filamu mbili zilizopigwa hapa Rwanda, moja ikiwa imepigwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Niboye ninakoandikia. Lakini kwanza lazima tujue zana zilitoka wapi, kwa sababu umbo la zana limeacha alama kwenye umbo la picha.

Kabla ya kompyuta, gharama ya kuunganisha ilionekana kwa macho. Projekta na kamera ziliwekwa zikitazamana, na filamu iliyokwisha kupigwa ikapigwa tena, tabaka baada ya tabaka, huku maski nyeusi ikizuia mwanga pasipotakiwa. Kila mpito uliongeza punje na kupunguza ukali. Petro Vlahos alitumia miaka mingi kutafuta namna ya kumkata mtu kutoka kwenye kitambaa cha buluu bila kupoteza nywele, moshi na glasi, na mbinu yake ilitumika katika Ben-Hur ya mwaka 1959. Tatizo lake ndilo tatizo la kila mpachikaji hadi leo, nalo ni ukingo. Katikati ya kitu hakuna shida, maana mtu yupo au hayupo. Shida iko kwenye unywele, pale ambapo nukta moja ya picha ni nusu mtu na nusu anga.

Mwaka 1977 Alvy Ray Smith na Ed Catmull, wakifanya kazi katika taasisi ya teknolojia ya New York, waliikubali nusu hiyo badala ya kuikwepa. Pamoja na nyekundu, kijani na buluu, waliipa kila pikseli namba ya nne inayosema kitu kipo mahali hapo kwa kiasi gani. Waliiita alfa, kwa herufi iliyokuwa tayari ndani ya fomula yao ya kuchanganya picha mbili. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakaandika makala iliyoijengea alfa aljebra kamili, yenye matendo 12 ya kukutanisha picha mbili. Linalotumika kuliko yote ni tendo la kuweka kitu juu ya kingine: chukua rangi ya mbele iliyokwisha kuzidishwa kwa alfa yake, kisha ongeza rangi ya nyuma kwa kadiri ile tu ambayo ya mbele haikuifunika. Watu hao wanne walipewa tuzo ya kisayansi ya Oscar mwaka 1996, na sidhani kama kuna tuzo nyingine ya Oscar iliyotolewa kwa mstari mmoja wa hesabu wenye athari kubwa kiasi hicho.

Hesabu hiyo ina tabia mbili ambazo mhakiki anapaswa kuzishika. Ya kwanza: mpangilio una maana. Mtu juu ya jiji si sawa na jiji juu ya mtu. Ya pili: makundi hayana maana. Ukiweka helikopta juu ya moshi, kisha viwili hivyo juu ya jiji, utapata picha ile ile ambayo ungeipata kwa kuweka moshi juu ya jiji kwanza na helikopta mwishoni. Tabia hii ya pili ndiyo inayomruhusu fundi kubana sehemu ya kazi mapema na kuipumzisha mashine. Humo pia ndimo mlimo mtego. Kwa kuwa picha inabaki vile vile, hakuna kinachomwonya kwamba amepoteza kitu. Nabwana alipokuwa anafuta faili zake, filamu iliyokuwa mbele ya macho yake haikubadilika hata kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 programu zilichukua njia mbili. Mnamo Januari 1993 kampuni ndogo iliyoitwa CoSA, ya Providence huko Rhode Island, ilitoa After Effects kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Aldus ikaichukua mwaka huo huo, na mwaka 1994 ikaangukia mikononi mwa Adobe. Umbo lake ni rundo: matabaka yamelaliana, na muda unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Njia ya pili ilikuwa ya nodi. Cineon ya Kodak iliifuata, na Nuke iliyoanza mwaka 1993 ndani ya Digital Domain kule California, na baadaye Shake ya Nothing Real. Hapa kila picha na kila tendo ni kisanduku, na mistari inaviunganisha visanduku hivyo kama Akanyaru inavyoingia Nyabarongo: ukisimama popote kwenye mstari unaweza kupanda nyuma ukaona maji yalikuwaje kabla hayajachanganyika. Kulikuwa pia na Flame ya Discreet Logic ya Montreal, iliyouzwa pamoja na mashine za Silicon Graphics kwa mamia ya maelfu ya dola, na ambayo kwa sababu hiyo haikuwa na njia yoyote ya kufika mitaa kama yetu.

Biashara ya zana hizi ilikuwa na vurugu nyingi ambazo sitazirefusha. Apple iliinunua Shake mwaka 2002, wakati ikiwa zana kuu ya The Lord of the Rings, kisha ikaizima mwaka 2009. Nuke, iliyotumika katika Titanic, ilihamia kwa Foundry ya London mwaka 2007 na ndiyo inayotawala studio kubwa hadi leo.

Kinachonigusa zaidi ni tabia ambayo kila umbo linamfundisha mtu. Rundo linamwalika aongeze. Akiona kasoro anaweka tabaka jingine juu ya kasoro hiyo, na jingine juu ya hilo. Mti wa nodi unamlazimisha aulize kasoro ilizaliwa wapi, apande hadi chanzo chake, airekebishe huko, na yote yaliyo chini yajirekebishe yenyewe. Rundo ndilo lililotufikia sisi. Utaliona katika video za harusi zinazohaririwa Kigali, Dar es Salaam na Bujumbura, ambamo majina ya maharusi yanaelea juu ya vilima, maua yanadondoka mbele ya majina, na vumbi la dhahabu linapita mbele ya maua. Kila kitu kinaitazama kamera uso kwa uso, hakuna kinachopita nyuma ya kingine kisha kikarudi mbele. Hiyo ni alama ya rundo. Siidharau. Ina uzuri wake wa ubapa, na watu wa ukanda wetu wamekwisha kuusoma uzuri huo kwa ufasaha.

Ufasaha huo wameupata pia kwa masikio. Rwanda ina agasobanuye, filamu za nje zenye msimulizi wa Kinyarwanda juu yake, na kwa miaka mingi Nkusi Thomas, aliyejulikana zaidi kwa jina la Yanga, alikuwa sauti ya filamu hizo kwa familia nyingi hadi alipofariki mwaka 2022. Tanzania ilimsikiliza Lufufu. Kenya inamsikiliza DJ Afro. Mtazamaji aliyekulia kwenye agasobanuye anajua kusikiliza sauti mbili kwa pamoja: ya Mchina anayegombana na ya Mnyarwanda anayemweleza. Hazichanganyi. Anajua ipi iliwekwa baadaye na mkono wa nani, na bado hadithi inamshika. Nadharia za Hollywood kuhusu mshono usioonekana zinadhani kwamba mtazamaji akiuona mshono atatoka ndani ya hadithi. Ushahidi wa vibanda vya video vya Afrika Mashariki unasema vingine, na ningependa wanaofundisha upachikaji katika vyuo vyetu wauchukue ushahidi huo kwa uzito wake.

Ya kwanza kati ya zile filamu mbili za Rwanda, Shooting Dogs ya Michael Caton-Jones, iliyotoka mwaka 2005, haina helikopta ya kuchora. Ilipigwa Kicukiro, wilaya ambayo Niboye ni mojawapo ya sekta zake, katika iliyokuwa École Technique Officielle, ETO, ambayo baadaye ilikuwa chuo cha ufundi cha IPRC Kigali. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule hiyo na kuwaacha watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia humo. Wengi wao waliuawa siku hiyo hiyo baada ya kuswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro. Filamu inasimulia siku hizo mahali zilipotokea.

Katika lugha ya upachikaji, mandhari ya nyuma ni kitu cha kubadilishwa. Unampiga picha mtu mbele ya kitambaa cha kijani, kisha unamwekea nyuma yake jiji lolote unalotaka. Sinema ilifikiri hivyo hata kabla ya kompyuta: Hotel Rwanda ya mwaka 2004 ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini, na kilima cha Johannesburg kikakaa mahali pa kilima cha Kigali. Caton-Jones alikataa kubadilisha. Majengo yanayoonekana nyuma ya waigizaji ndiyo yenyewe. Uamuzi huo una uzito wa kimaadili, na yameandikwa mengi juu yake, kwa sifa na kwa lawama, maana kulikuwa na wakazi waliosikia tena filimbi na kelele za siku zile karibu na nyumba zao. Lakini una uzito wa kifani pia. Mahali halisi pamekuwa tabaka ambalo mtunzi hana mamlaka ya kulizima.

Hapo ndipo tabia ya kwanza ya ile hesabu inapokuja na swali lake: nani yuko juu ya nani? Katika Shooting Dogs kuna padre Mwingereza, anayeigizwa na John Hurt, na mwalimu kijana Mwingereza, anayeigizwa na Hugh Dancy. Kamera inawafuata hao. Hofu tunayoiona kwa karibu ni yao, mashaka ni yao, uamuzi wa kubaki au kuondoka ni wao. Wanyarwanda, isipokuwa msichana Marie na wengine wachache, wanajaza uwanja ulio nyuma. Mahali ni pa kweli, watu wa nyuma ni wa kweli, na kilichopachikwa juu yao ni mashaka ya Wazungu wawili. Upachikaji huu haukufanywa na programu yoyote, ila unatii kanuni ile ile: kilichowekwa mbele kinakula nafasi ya kilicho nyuma kwa kadiri ya alfa yake, na alfa ya wahusika hao wawili ni karibu moja kamili, yaani karibu wanafunika kila kitu.

Filamu yenyewe inaonekana kulijua hilo. Katika maandishi ya mwisho, wakati ambapo filamu nyingi zinapitisha majina ambayo hakuna anayeyasoma, inatuonyesha picha za baadhi ya watu walioshiriki kuitengeneza ambao ni manusura, na kueleza kila mmoja alipoteza nani. Mtu tuliyedhani ni wa pembeni, au hatukumwona kabisa kwa kuwa alikuwa nyuma ya kamera, anahamishiwa mbele peke yake, hakuna anayemfunika. Sioni hili kuwa nyongeza ya heshima tu. Ni tendo la kubandua: filamu iliyokwisha kubanwa inajaribu, katika dakika zake za mwisho, kurudisha matabaka yake yakiwa yametengana. Inachelewa, na hadithi iliyotangulia haibadiliki. Hata hivyo, nikiulizwa ni sehemu gani ya Shooting Dogs inayolijua vizuri zaidi eneo hili la Kicukiro, nitataja maandishi hayo kabla ya onyesho lolote la John Hurt.

Neptune Frost inaanza pengine kabisa. Iliongozwa na Saul Williams wa Marekani na Anisia Uzeyman wa Rwanda, ambaye pia ndiye aliyeshika kamera, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cannes mwaka 2021. Hadithi yake ni ya Burundi, lakini ilipigwa Rwanda. Mchimba koltani aitwaye Matalusa anatoroka mgodini baada ya ndugu yake Tekno kuuawa na mlinzi. Neptune, mdukuzi mwenye jinsi mbili, naye anatoroka kwao. Wanakutana katika kijiji cha Digitaria, kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta.

Filamu yenye mambo hayo mikononi mwa studio kubwa ingejaa kazi ya nodi kuanzia fremu ya kwanza. Uzeyman na Williams walifanya sehemu kubwa ya upachikaji mbele ya lenzi. Msanii wa Rwanda Cedric Mizero aliwatengenezea mavazi na mandhari kutokana na nyaya, vitufe vya kibodi, bodi za saketi na magurudumu ya baiskeli. Nyuso zimepakwa rangi zinazowaka chini ya taa za zambarau. Tazama koti lenye vitufe vya kibodi. Kitufe ni kitu kigeni juu ya kitambaa, kimetoka mahali pengine kama helikopta ya Wakaliga ilivyotoka mahali pengine, na ukingo wake unaonekana vizuri. Lakini mwanga mmoja umekiangukia kitufe na koti kwa wakati mmoja, na kivuli cha kitufe kimelala juu ya uzi. Kazi iliyomchukua Vlahos miaka imefanywa hapa na taa iliyosimama mahali pake. Tunaona kwamba ni matabaka mawili na tunaamini kwamba yako pamoja, mambo mawili ambayo programu za kompyuta kwa kawaida hazimpi mtazamaji kwa pamoja.

Na vitu vyenyewe si mapambo. Koltani ni mawe yanayotoa tantalamu, madini yanayotengenezea kapasita ndogo ndani ya simu na kompyuta, pamoja na hizo kompyuta zinazokata na kubandika picha za sinema duniani kote. Katika kazi ya kawaida ya upachikaji mashine haionekani, na kinachoonekana ni kile ilichokitoa. Neptune Frost imeigeuza. Mashine imevunjwavunjwa na kuvalishwa watu wa nchi yalikochimbwa mawe yake, ikasimama mbele, juu, ikifunika. Mpangilio una maana hapa pia.

Jambo linalonishangaza zaidi kifani ni namna Neptune anavyobadilika. Anaigizwa kwanza na Elvis Ngabo, kisha na Cheryl Isheja. Tangu Willow ya mwaka 1988 na video ya Black or White ya Michael Jackson ya mwaka 1991, sinema ilikuwa na jibu tayari kwa mabadiliko ya namna hii: kuyeyusha sura moja hadi iwe nyingine, pikseli kwa pikseli. Uyeyushaji huo ni muungano uliokithiri, kwa sababu fremu za katikati si za huyu wala za yule. Williams na Uzeyman wamekata tu. Kulikuwa na mwili mmoja, sasa kuna mwingine, na jina ni lile lile. Kwa kutoyeyusha, filamu imeilinda miili yote miwili. Hakuna fremu ambayo Ngabo amekuwa malighafi ya kumtengeneza Isheja. Kuhusu mtu mwenye jinsi mbili, ambaye ulimwengu wote unamsukuma ajibanie upande mmoja, mkato huo unasema kwa fani kile ambacho hotuba ingekisema kwa shida.

Lugha nazo zimeachwa bila kubanwa. Wahusika wanasema Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na wanaruka kutoka moja hadi nyingine katikati ya sentensi. Msikilizaji wa Niboye anausikia kila mruko: anajua nani ameingia Kiswahili ili kujifanya mkubwa, nani amerudi Kirundi kwa sababu ya uchungu. Mtazamaji wa mbali anasoma maandishi ya tafsiri, na maandishi hayo yanazibana lugha tano kuwa moja. Anapata maana, anapoteza mishono. Ni filamu ile ile yenye matabaka zaidi kwa mtu wa hapa kuliko kwa mtu wa Cannes, jambo ambalo ni nadra sana kwa filamu iliyopigwa Rwanda kwa msaada wa fedha za nje.

Sikubaliani nayo kila mahali. Kadiri inavyosonga, nyimbo zinakuwa nyingi na kauli zake zinafanana, na wakazi wa Digitaria, ambao mmoja mmoja walikuwa na historia na mavazi yao, wanakuwa kwaya inayosema kwa kinywa kimoja. Hapo filamu inafanya kwa wahusika kile ilichokataa kukifanya kwa miili na kwa lugha. Na sehemu za ndoto na za udukuzi, ambamo kompyuta inajitokeza wazi na picha kuvurugika kwa makusudi, naziona dhaifu kuliko zile za nyaya na vitufe, kwa kuwa mvurugiko huo tumeuona katika video mia moja za muziki, ilhali koti la Mizero hatujaliona kwingine.

Swali la nani anaweza kutumia mti wa nodi limekwisha kubadilika. Blender, ambayo haiuzwi, ina nodi za kupachika picha tangu mwaka 2006. Blackmagic ya Australia iliinunua Fusion mwaka 2014 na kutoa toleo la bure, kisha mwaka 2018 ikaiingiza ndani ya DaVinci Resolve ambayo wahariri wengi wa Kigali tayari wanaitumia kusahihisha rangi. Studio kubwa nazo zimesonga mbele: tangu mwaka 2013 fomati ya OpenEXR inaruhusu pikseli moja kubeba sampuli nyingi, kila moja na kina chake, hivyo moshi unaweza kuingizwa kati ya vidole vya mhusika baada ya kila kitu kuwa tayari. Ni ukataaji wa hali ya juu wa kubana. Lakini kijana wa Niboye haihitaji OpenEXR yenye kina ili ahifadhi alikotoka. Anahitaji asifute faili ya mradi, na anahitaji mtu wa kumwomba faili hiyo.

Matamasha yetu, kuanzia Tamasha la Filamu la Rwanda lililoanzishwa na Eric Kabera mwaka 2005, yanapokea filamu iliyokwisha kubanwa, na ndivyo matamasha yote duniani yanavyofanya. Ningependa taasisi moja ya Kigali ianze kupokea na mti wake. Katika faili ya nodi visanduku vilivyozimwa havifutiki: jaribio lililokataliwa linabaki limening'inia pembeni likiwa na mistari yake, pamoja na namba za ukingo zilizobadilishwa na maski iliyochorwa kisha ikaachwa. Wahakiki wa tenzi hulinganisha miswada, hutazama neno lililofutwa na lililoandikwa ukingoni, na hujenga hoja zao kutokana na hayo. Ningetoa mengi kupata mswada wa namna hiyo wa hata dakika moja ya ndoto za Neptune Frost, nione Uzeyman na wenzake walizima nini kabla ya kuridhika na mvurugiko ambao mimi sijaridhika nao.